Tuhesabu Mama Akiwa Bado Anatembea

Simu ililia saa nane za usiku, mwezi wa Aprili mwaka 2021, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Ilikuwa sauti ya jirani kutoka juu ya Nyandira, kule Mgeta. "Mama yenu ameanguka. Hasemi, na mkono wa kulia haunyanyuki." Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunajua maneno hayo yana maana gani. Ni kiharusi.

Kulipopambazuka vijana wa kijiji walimbeba kwa machela hadi barabarani. Mwenye gari la kukodi alitaka fedha mkononi kabla ya kuwasha gari, kwani barabara ya Mgeta wakati wa masika si ya kuchezea. Tukaanza kupigiana simu, ndugu watano wa tumbo moja. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam. Anayemfuata ni muuguzi hapa Morogoro mjini. Wa tatu, dada, amebaki mlimani na shamba. Wa nne ana meza ya biashara sokoni Mawenzi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na genge lake Kihonda. Watano sisi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na akiba ya siku kama ile.

Jirani tukamwambia auze mbuzi wawili wa maziwa wa mama. Akawauza asubuhi ile ile kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi akijua una shida hakuonei huruma. Mchana, mama akiwa tayari wodini, tulikopa Sh. 300,000/= kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Deni lile tulilimaliza baada ya miezi minane, na tulikuwa tumelipa zaidi ya mara mbili ya tulichokopa.

Kuna aibu kubwa kuliko hiyo, na tunaisema ili iwasaidie wengine. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikuwa tukikaa kwenye ukumbi wa kanisa na kipimo chetu, tukiwapima mama za watu presha. Mama yetu wenyewe, aliyekuwa na miaka 71, hatukuwa tumempima kwa muda wa miaka miwili. Tulipokwenda kumsalimia tulibeba sukari, sabuni na kanga. Kipimo kilibaki mjini.

Akina mama wenzetu, hatuandiki haya kwa sababu tulifanya vizuri. Tunaandika kwa sababu tulichelewa, na wengi wenu bado hamjachelewa. Mama yako, au mama mkwe wako, leo asubuhi ameamka, amefagia uwanja na kupika chai yake mwenyewe. Huu ndio wakati wa kuhesabu.

PENSHENI YA MZEE WA MLIMANI NI WATOTO WAKE

Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016. Kila mzee aliyefikisha miaka 70 alianza kupata Sh. 20,000/= kwa mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa. Kenya nayo, mwaka 2018, ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za huko kila mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Sisi wa Tanzania Bara bado hatuna pensheni ya wazee wote. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini huzifikia kaya zilizotambuliwa kuwa maskini sana, wala si kila mzee.

Wanaopata pensheni ya kila mwezi ni wale waliochangia wakiwa kazini. Watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 mifuko ya zamani ilipounganishwa, na wengi wa sekta binafsi wako NSSF. Lakini mama aliyelima kabichi, karoti na njegere maisha yake yote kule Mgeta, au ndizi na viungo kule Kinole na Matombo, hakuwahi kukatwa mshahara, maana hakuwa na mshahara. Ametulisha, ametusomesha, akaishiwa nguvu. Pensheni yake ni sisi.

Hapa Morogoro mjini yapo makazi ya wazee ya Fungafunga, yanayoendeshwa na serikali. Mahali kama pale ni kwa mzee asiye na mtu wa kumtunza. Mzee mwenye watoto watano hapelekwi Fungafunga; anategemea watoto wake wakubaliane.

Na kwetu Uluguru kuna jambo jingine. Ukoo wetu hufuata upande wa mama, na binti ndiye anayetazamiwa kubaki na ardhi ya mama yake. Kwa hiyo mama akiugua, macho yote humgeukia binti. Ni heshima, lakini heshima hiyo ikiachwa bila fedha hugeuka mzigo wa mtu mmoja.

"HAMKUNIULIZA"

Miezi mitatu baada ya kuanguka, mama alianza kusema tena, neno moja moja. Ndipo tulipofanya kikao cha kwanza cha familia, nyumbani kwa mdogo wetu Kihonda. Mjomba naye aliteremka kutoka mlimani. Mama alikaa kwenye kiti katikati yetu, na swali lake la kwanza lilihusu mbuzi.

Tukamweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa nini hamkuuza mikaratusi?"

Tulitazamana. Mpakani mwa shamba la chini kulikuwa na mikaratusi zaidi ya 30, mirefu, imenyooka. Sote tuliiona tangu tukiwa vijana tukadhani ni miti tu. "Niliipanda baba yenu alipofariki," akasema. "Niliipanda kwa ajili ya kuugua kwangu. Mbuzi walikuwa wa maziwa ya wajukuu." Mjomba akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa yeye alikuwa anajua. Mama akamalizia kwa sauti ya chini, "Hamkuniuliza."

Tangu siku ile, neno hilo ndilo tunalokwenda nalo kila nyumba tunayoitembelea kwa huduma ya wagonjwa. Wazee wengi wamejiandaa kwa namna yao. Yupo mwenye miti, yupo mwenye mahindi aliyomkopesha jirani, yupo aliyeweka fedha kwa mtu anayemwamini. Siku ulimi ukifungwa, yote hayo hufungwa nao.

Twafahamu kwamba si rahisi kuanza maneno hayo. Mzee anaweza kusema, "Mnanichuria." Njia tuliyoiona inafaa ni kuanza na mambo yako mwenyewe. Mwambie, "Mama, mimi na baba watoto tumeandika vitu vyetu na mahali vilipo, ili watoto wasihangaike. Wewe ungependa tufanyeje?" Mzee akiona nawe umejiandika, haogopi. Usianze siku ya msiba wala siku ya sikukuu watu wakiwa wamejaa. Anza jioni moja mkichambua mboga pamoja.

Muulize ana nini na kiko wapi. Nani anamdai, na yeye anamdai nani? Kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki na karatasi za shamba viko wapi? Ni kitu gani kiuzwe kwanza pakiwa na shida, na kipi kisiguswe? Akishindwa kutembea, angependa akae kwa nani? Simu yenye fedha zake, nani ajue namba yake ya siri? Huyo wa mwisho awe mtu mmoja tu, na ndugu wengine wafahamu kuwa ni yeye. Tumeona fedha za mzee zikiyeyuka kwenye simu kwa sababu kila mjukuu anaijua namba ya siri.

Kuhusu ardhi tuwe waangalifu. Shamba la ukoo haliuzwi kama kiwanja cha mjini, na anayejaribu kuliuza kwa siri huanzisha kesi itakayomaliza fedha zote za matibabu. Lakini shamba linaweza kukodishwa kwa msimu, au ndugu akalilima na kuleta sehemu ya mavuno, mjomba na wakubwa wa ukoo wakiwa mashahidi. Kama kijiji chenu kimefikiwa na utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni vizuri mzee apate hati yake angali na nguvu za kufika ofisi ya kijiji. Na akitaka kuandika wosia, RITA husaidia kuuandika na kuutunza.

DAFTARI LA MAMA

Katika kikao kile mjomba alidai tuandike kila kitu. "Maneno huruka," alisema. Tukanunua daftari la kawaida la shule. Hizi ndizo gharama za mama kwa mwezi mmoja wa mwaka 2022. Bei zimebadilika tangu wakati huo, hivyo usizichukue kama zilivyo. Chukua namna ya kuhesabu.

Dawa alizokosa kwenye dirisha la dawa tukanunua nje: Sh. 25,000/=
Bajaji kwenda kliniki na kurudi: Sh. 10,000/=
Nepi za watu wazima, pakiti 4: Sh. 60,000/=
Sabuni na glavu: Sh. 15,000/=
Maziwa, unga wa uji na matunda: Sh. 45,000/=
Maji na umeme vilivyoongezeka: Sh. 10,000/=

Jumla ni Sh. 165,000/=. Kaka mkubwa akasema, "Hizo tunaziweza." Tukataka kufunga daftari. Ndipo mdogo wetu, aliyekuwa amekaa mlangoni na ndoo ya nguo za mama, akauliza, "Na genge langu?"

Hatukuwa tumeliandika. Genge lilikuwa likimpa faida ya Sh. 150,000/= kwa mwezi. Tangu mama alipotoka hospitali lilikuwa limefungwa, maana mama hawezi kuachwa peke yake. Kwa hiyo gharama ya kweli haikuwa 165,000. Ilikuwa 315,000, na karibu nusu yake ilikuwa ikilipwa na mtu mmoja, kimya kimya, naye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko sisi sote. Tulikuwa tukimsifu kwa moyo wake wa huruma, kumbe tulikuwa tukila mtaji wake.

Tukahesabu upya. Tulipata mama mmoja wa jirani, mtu mzima mwenye subira, akakubali kukaa na mama kutoka asubuhi hadi jioni kwa Sh. 80,000/= kwa mwezi. Mwanzo tuliona ni anasa. Lakini 165,000 ukijumlisha 80,000 ni 245,000, na genge likafunguliwa. Yaani kumlipa msaidizi kuliipunguzia familia hasara ya Sh. 70,000/= kila mwezi. Kabla ya kumwambia dada yenu aache kazi au biashara amuuguze mama, fanyeni kwanza hesabu hiyo.

Kisha tukagawana kila mtu kwa uwezo wake. Kaka wa Dar es Salaam 100,000. Muuguzi 60,000. Kaka wa sokoni Mawenzi 50,000. Dada wa mlimani hana mshahara, lakini kila mwezi aliteremsha ndizi, maharage na mboga ambavyo tungevinunua kwa 35,000. Jumla 245,000. Mdogo wetu hakuandikiwa fedha hata senti moja. Mbele ya jina lake mjomba aliandika: "Usiku." Ni yeye aliyeamka kumgeuza mama na kumbadilisha usiku. Huo ndio ulikuwa mchango wake, na ulikuwa mkubwa kuliko wote.

Mwisho wa mwezi daftari lilipigwa picha na kutumwa kwa ndugu wote. Malalamiko ya "fedha zinakwenda wapi" yaliisha. Mnajua wenyewe kwamba ndugu hawagombani sana kwa sababu ya umaskini. Hugombana kwa sababu ya kutoonyeshana.

HAKI AMBAZO HUWA TUNAZIACHA MEZANI

Yule muuguzi wa familia alikuwa akikatwa mchango wa bima ya afya kila mwezi kwa miaka mingi. Katika utaratibu wa NHIF, mtumishi huweza kuandikisha mwenzi wake na wategemezi wanne, na wazazi au wakwe wanaruhusiwa kuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa na watoto wawili. Nafasi mbili zilikaa wazi miaka yote hiyo, na mama yuko mlimani bila kadi. Kama wewe au mumeo ni mwajiriwa mwenye bima, fungua kadi yako leo uangalie nafasi zako. Na mkubaliane kuhusu mama wa pande zote mbili, ili mama mkwe asisahauliwe wala mama mzazi asifichwe.

Kwa wasioajiriwa ulikuwapo mfuko wa CHF iliyoboreshwa, ulioanza mwaka 2018, ambapo kaya ya watu hadi 6 ilichangia Sh. 30,000/= kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na taratibu zinaendelea kubadilika chini ya sheria hiyo. Usitegemee maneno ya kusikia. Nenda kituo chako cha afya au ofisi ya kata uulize kiwango cha sasa na huduma zinazolipiwa, na uulize kabla mgonjwa hajapatikana.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na serikali imeagiza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Halmashauri hutoa vitambulisho vya matibabu kwa ajili hiyo. Safari huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Twaufahamu ukweli wa mambo: kitambulisho hakileti dawa ambayo haipo kwenye kabati. Lakini humwondolea mzee gharama ya kumwona daktari na vipimo vingi, na zahanati ikiwa na dawa huzipata. Bila kitambulisho hata hicho anakikosa.

Na kama mzee wenu ni mstaafu, kumbukeni uhakiki. Mifuko ya pensheni huwahakiki wastaafu wake, na asiyehakikiwa malipo yake huweza kusimamishwa. Mzee aliyelala kitandani hawezi kwenda mwenyewe. Mtoto mmoja apewe jukumu la kufuatilia tarehe, na kuuliza mapema mgonjwa asiyetembea huhakikiwaje.

AKIBA NDOGO NA MIKOPO YA USIKU

Tulikopa kausha damu kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kushika saa sita mchana. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeipenda riba ile. Dawa yake ni kuwa na mfuko wa dharura kabla ya dharura.

Vikundi vya VICOBA vimejaa Morogoro, mjini na vijijini, na akina mama wengi mnaosoma ukurasa huu ni wanachama. Pamoja na hisa, vikundi vingi vina mfuko wa jamii ambao kila mwanachama huchangia kidogo katika kila kikao kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Soma katiba ya kikundi chako. Je, ugonjwa wa mzazi umo, au ni msiba tu? Katika kikundi chetu ulikuwa ni msiba tu. Yaani mama akiugua hupati kitu, akifa unapewa. Tulibadilisha kifungu hicho kwa kupiga kura. Hakikisheni pia kikundi kimesajiliwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, maana sanduku lisilosajiliwa likiibiwa hamna pa kushika.

Sisi ndugu watano tulianza na Sh. 10,000/= kila mmoja kwa mwezi, nje ya zile za matumizi. Ni 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka. Tungekuwa tumeanza mwaka mmoja tu kabla mama hajaanguka, kausha damu asingetujua majina. Haba na haba hujaza kibaba.

FEDHA NAFUU KULIKO ZOTE

Kama wauguzi hatuwezi kumaliza bila kusema hili. Fedha nafuu kuliko zote katika kumtunza mzee ni ile ya kupima presha na kununua vidonge vyake. Presha haina kelele. Mtu anaweza kutembea na 180 juu ya 110 akilima matuta, akidhani ni uchovu tu. Kipimo kikifika 140 juu ya 90 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine kikawa hivyo hivyo, aende kliniki. Na akianza dawa asiache kwa sababu amejisikia vizuri. Amejisikia vizuri kwa sababu anameza dawa. Wazee wengi wa mlimani huacha dawa kwa kukosa nauli ya kuteremka, si kwa kukosa fedha ya vidonge. Katika hesabu yenu, nauli iandikwe kwanza.

Ya pili ni kuzuia kuanguka. Nguzo ya kushikia chooni, njia iliyosawazishwa kati ya nyumba na choo, taa ya usiku, viatu visivyoteleza. Kwenye miteremko yetu ya Uluguru, shilingi elfu chache za fundi zinaweza kuokoa nyonga, na nyonga ikivunjika mzee wengi wetu tunajua mwisho wake. Kwa asiyeweza kuchuchumaa, fundi atatoboa kiti cha plastiki, ndoo ikae chini.

Ya tatu ni kumgeuza. Mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, ngozi ikaguliwe kiunoni na visiginoni. Kidonda cha kulalia upande mmoja huanza kama wekundu au weusi kidogo, na baada ya wiki kinakula fedha za nyumba nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ANAYETUNZA NAYE ATAZEEKA

Injili ya Marko sura ya 7 inatuonyesha Bwana Yesu akiwakemea watu waliosema kwamba mali iliyopaswa kuwasaidia wazazi wao ni korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, wakajiona wamemaliza wajibu. Sisi akina mama wa kanisa tuyatafakari maneno hayo. Tunachanga kwa ajili ya sare, tunachanga kwa ajili ya ukumbi, na ni vizuri. Lakini tusije tukaonekana wakarimu kanisani wakati dada yetu Kihonda amefunga genge kwa ajili ya mama yetu sote.

Tunalisema pia kwa ajili ya anayetunza. Mwanamke wa miaka 45 anayeacha kazi kumuuguza mama yake kwa miaka mitano atafikisha 50 akiwa hana akiba, hana mtaji, na mgongo unauma. Yeye ndiye mzee anayefuata. Kwa hiyo kila familia ihakikishe anayetunza anaendelea kuweka hisa yake ya VICOBA, hata kama ndugu watamlipia. Apate siku moja ya mapumziko kila wiki, na ndugu mwingine akalale pale, hata kama ni kaka. Wanaume nao wana mikono. Kaka yetu wa Mawenzi alijifunza kumgeuza mama, na mama alicheka siku ya kwanza hadi machozi yakamtoka.

Ndugu wa mbali wasidhani kutuma fedha kwenye simu kunamaliza kazi. Fedha ni muhimu, lakini wikiendi moja ya kumpumzisha dada haina bei.

MWEZI HUU

Hatuwaombi mfanye yote. Mwezi huu fanyeni matatu. Mpimeni mzee presha. Mketi naye jioni moja mmuulize, kisha msikilize bila kumkatiza. Nunueni daftari, mwandike jina la kila ndugu na anachoweza, na kazi ya anayekaa na mgonjwa iandikwe kama mchango. Bwana Yesu aliuliza ni nani ajengaye mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kumtunza mzazi ni mnara mrefu kuliko tunavyodhani.

Mikaratusi ya mama tuliiuza kiangazi cha mwaka 2022, yeye mwenyewe akipanga bei kwa simu. Ikalipia gharama za mazoezi ya viungo, na iliyobaki ikaingia kwenye mfuko wa dharura. Mwaka 2023 alituomba arudi mlimani, kwa sababu katika kikao kile alikuwa amesema angependa kumalizia siku zake nyumbani kwake. Tulimrudisha, msaidizi akapatikana kule kule, na dada wa mlimani akawa wa usiku kwa zamu yake. Mama alifariki mwezi wa Desemba 2024, akiwa kitandani mwake, na siku ya mazishi hakuna mtu aliyefika kutudai.

Visiki vya mikaratusi vimechipua tena pale mpakani. Watoto wetu tumewapeleka, tumewaonyesha, na tumewaambia ni ya nini.